UZI: Kupokea na kulipia samaki mialoni – huduma ndogondogo zinazotumiana jumbe bila kulipa mara mbili wala kupoteza mzigo

FundiFoleni (Ilemela) — #1

Wadau wa Kanda ya Ziwa, salaam. Uzi huu ni kwa wanaojenga mifumo ya upande wa seva yenye huduma kadhaa zinazotumiana jumbe. Tutumie mfano mmoja tangu mwanzo ili tusipotezane.

Karani yuko mwaloni (sehemu ya kushushia samaki), tuseme kisiwa cha Ukara au Goziba, ana mizani na simu. Mvuvi analeta sangara, karani anapima, anaandika kilo na bei, anabonyeza tuma. Kuanzia hapo mambo matatu yanatakiwa kutokea: mvuvi alipwe kwenye simu yake, makasha ya barafu yatengwe, na nafasi ishikwe kwenye boti ya kwenda soko la samaki la Mwaloni Kirumba, Mwanza. Mtandao kisiwani unakuja na kuondoka.

Hoja ambayo mengine yote yanaitegemea ni hii: kukosa jibu si sawa na kujibiwa hapana. Ukituma ombi usijibiwe, huenda ombi halikufika. Huenda limefika, kazi ikakatikia njiani. Na huenda kazi imekamilika kabisa, lililopotea ni jibu tu. Aliyetuma hana namna ya kujua ni lipi kati ya hayo. Programu nyingi zinayaweka yote kwenye kapu moja la "imeshindwa, rudia", na hapo ndipo mvuvi mmoja analipwa mzigo mmoja mara mbili.

Huduma ni nne: mapokezi, malipo, barafu, usafiri. Kila moja ina kanzidata yake na hakuna inayochungulia majedwali ya mwenzake. Ukiruhusu huduma ya barafu isome jedwali la mapokezi moja kwa moja, siku utakayobadilisha safu moja utavunja huduma mbili, na faida yote ya kuzitenganisha imeondoka.

Namba ya mzigo izaliwe kwenye simu ya karani, si kwenye seva. Tumia UUID, yaani namba ndefu ya kipekee isiyohitaji kuombwa kwa seva, toleo la 7 (imo kwenye RFC 9562 ya mwaka 2024); inaanza na wakati, kwa hiyo faharasa ya kanzidata inajazwa kwa mpangilio badala ya kurukaruka. Namba itengenezwe karani anapohifadhi fomu, ISITENGENEZWE anapobonyeza tuma. Tofauti inaonekana ndogo, lakini ukiiweka kwenye kitufe cha kutuma, kila anapobonyeza upya mtandao ukisuasua anazaa mzigo mpya. Wala usijiundie ufunguo wa jina la mvuvi + kilo + tarehe. Mvuvi anaweza kuleta mizigo miwili ya kilo sawa siku moja na wote ni halali.

Uzito uhifadhiwe kwa gramu na pesa kwa shilingi nzima, zote namba kamili. Kilo 42.6 kwa bei ya sh 9,000 ni gramu 42,600 na sh 383,400. Ukitumia namba za desimali zinazoelea, siku ya kulinganisha hesabu utatafuta shilingi moja hadi usiku.

Seva inapopokea, inaandika vitu viwili ndani ya muamala mmoja wa kanzidata (vyote viingie au vyote vikose):

```
BEGIN;
INSERT INTO mizigo (id, mvuvi_id, gramu, bei_kwa_kilo, kiasi_tsh)
VALUES (...) ON CONFLICT (id) DO NOTHING;
-- kama mstari umeingia kweli tu:
INSERT INTO kikasha_toezi (ujumbe_id, aina, mzigo_id, mwili)
VALUES (..., 'MzigoUmepimwa', ..., ...);
COMMIT;
```

Kama namba ya mzigo tayari ipo, linganisha yaliyomo. Yakiwa yaleyale, jibu kama ulivyojibu mara ya kwanza. Yakitofautiana, kataa kwa 409 (kodi ya HTTP ya mgongano), usinyamaze, maana hapo kuna hitilafu kwenye programu ya simu na unatakiwa kuijua leo.

Bei iende ndani ya ujumbe. Huduma ya malipo isiende kuitafuta bei yenyewe, kwa sababu bei ya sangara inabadilika na ujumbe unaweza kufika kesho yake.

---

PasiansiDev — #2

Shukrani kaka Fundi. Hicho kikasha toezi ni cha nini? Si naandika kwenye kanzidata, mstari unaofuata natuma kwenye broka (programu ya kupokea na kusambaza jumbe)? Ni mistari miwili tu.

---

FundiFoleni — #3

Shida iko katikati ya mistari hiyo miwili, mkuu. Umeandika, seva ikazima kabla hujatuma: mzigo upo, malipo hayatakuja kamwe, na hakuna anayejua. Ukigeuza, ukatuma kwanza halafu muamala wa kanzidata ukagoma: huduma ya malipo inalipia mzigo ambao haupo. Kuweka msimbo wa kurudia hakusaidii, kwa sababu aliyetakiwa kurudia ndiye aliyezima.

Kikasha toezi ni jedwali la kawaida ndani ya kanzidata ileile. Kwa kuwa liko kwenye muamala mmoja na mzigo, vyote vinaingia au vyote vinakosa. Kisha programu ndogo pembeni, tuiite tarishi, inazunguka:

```
SELECT * FROM kikasha_toezi
WHERE imetumwa IS NULL
ORDER BY id LIMIT 100
FOR UPDATE SKIP LOCKED;
```

Inatuma kwenye broka, inasubiri broka ithibitishe, ndipo inaandika wakati kwenye `imetumwa`. SKIP LOCKED ipo kwenye PostgreSQL (kanzidata tunayoitumia hapa) tangu toleo la 9.5, inaruhusu matarishi wawili wasigombanie mstari mmoja. Tarishi akizima baada ya kutuma na kabla ya kuandika, ujumbe utatumwa tena. Hilo ni sawa. Tumebadilisha tatizo la "unaweza kupotea" kuwa "unaweza kufika zaidi ya mara moja", na hilo la pili lina dawa.

Dawa yenyewe iko kwa mpokeaji: jedwali la `jumbe_zilizopokelewa` lenye `ujumbe_id` kama ufunguo mkuu. Mpokeaji anaingiza namba ya ujumbe NA matokeo ya kazi ndani ya muamala mmoja. Namba ikigoma kwa sababu ipo, kazi ilishafanyika. Thibitisha kwa broka uendelee. Kosa la kawaida ni kukagua namba kwa SELECT kwanza halafu kufanya kazi. Nakala mbili za mpokeaji zinaweza kukagua kwa wakati mmoja, zote zikaona haipo. Acha kizuizi cha upekee cha kanzidata kifanye kazi hiyo.

---

Binti_Nansio — #4

Niongeze mtego mmoja hapo kwa tarishi, maana unaficha hasara kimyakimya.

Kuna wanaoandika tarishi anayekumbuka namba ya mwisho: "nipe zote zenye id kubwa kuliko 1,000". Namba za mfululizo za PostgreSQL zinatolewa mstari unapoingizwa, si muamala unapokamilika. Muamala A unachukua 1,001, muamala B unachukua 1,002, B anamaliza kwanza. Tarishi anaiona 1,002, anaweka alama hapo. A anamaliza baadaye. 1,001 haitatumwa milele. Kwenye majaribio ya mtu mmoja huioni, inajitokeza asubuhi mialo yote ikituma pamoja. Safu ya `imetumwa IS NULL` aliyoiweka Fundi inaepuka hilo, ila iwekee faharasa ya sehemu (`WHERE imetumwa IS NULL`), la sivyo jedwali likifika mamilioni kila mzunguko unasoma kila kitu.

Na mistari iliyotumwa ifutwe. Njia safi ni kuligawa jedwali kwa siku na kudondosha kipande cha wiki iliyopita baada ya kuhakikisha hakina kilichobaki. Kufuta mstari mmojammoja kunaacha takataka nyingi za kusafishwa na autovacuum (kisafishaji cha ndani cha PostgreSQL).

Wanaotumia Debezium kusoma logi ya PostgreSQL badala ya kuuliza jedwali: ni nzuri, haina mtego wa namba. Ila sloti ya urudufishaji (alama ya msomaji amefika wapi kwenye logi) ikiachwa bila msomaji, PostgreSQL inahifadhi logi zote ikimsubiri, diski inajaa, kanzidata nzima inasimama. Weka `max_slot_wal_keep_size` (ipo tangu toleo la 13) na kengele ya ukubwa wa sloti. Ujue pia kwamba kikomo hicho kikipitwa sloti inabatilika na msomaji atalazimika kuanza upya, kwa hiyo kengele ilie mapema.

---

MsimboKirumba — #5

Wakuu, mimi napinga kidogo. Mtu asome uzi huu aende kuweka huduma nne na broka kwa mfumo wa watu wawili? Hebu tupige hesabu. Tuseme mialo 60, kila mmoja mizigo 100 kwa siku. Hiyo ni 6,000. Hata yote ikija ndani ya saa 3 za asubuhi, sekunde 10,800, haifiki mzigo mmoja kwa sekunde. Seva moja na PostgreSQL moja zinabeba hiyo zikiwa zimelala. Programu moja yenye moduli nne zilizotenganishwa vizuri, na jedwali la kazi lenye SKIP LOCKED, inatosha bila broka yoyote.

---

FundiFoleni — #6

Nakubaliana nawe zaidi ya nusu, kaka. Mzigo wa kazi si sababu ya kugawa huduma hapa, na anayeanza leo aanze na programu moja yenye moduli. Yote ya #1 hadi #4 yanafanya kazi vilevile: namba toka kwenye simu, kikasha toezi, upekee kwa mpokeaji. Jedwali la kazi ndiyo foleni yako.

Sababu inayonishawishi kuitoa malipo iwe huduma ya peke yake ni mbili tu. Ya kwanza, ina siri (vyeti na nywila za kampuni za simu) ambazo hutaki zisomwe na kila anayeboresha ukurasa wa barafu. Ya pili, inategemea mitandao ya nje inayokwama, na ikikwama isishike nyuzi za mapokezi. Karani lazima aendelee kupima hata kama malipo yamesimama kutwa nzima. Barafu na usafiri zinaweza kukaa pamoja na mapokezi miaka.

---

Nyegezi_Seva — #7

Tukifika kwenye broka, watu wanauliza RabbitMQ au Kafka. RabbitMQ ni foleni ya kazi: ujumbe ukithibitishwa unaondoka. Kafka ni daftari: ujumbe unabaki (siku 7 usipobadilisha) na kila kundi la wasomaji lina alama yake. Kwa hesabu ya MsimboKirumba na kazi za aina ya "lipa huyu", RabbitMQ inatosha na ni rahisi kuilea. Chukua Kafka kama kuna wasomaji wengi wanaotaka kurudi nyuma kusoma historia upya.

RabbitMQ, mambo ya kushika:

Foleni ziwe za aina ya `quorum` (ujumbe unanakiliwa kwenye seva kadhaa, yaani nodi, na wingi wao lazima wawe hai), nodi 3. Inavumilia kupotea nodi moja. Nodi 5 zinavumilia mbili. Nodi 2 hazikusaidii chochote kwa sababu moja ikizima wingi umevunjika. Zile foleni za zamani za kioo (mirrored) ziliondolewa kabisa toleo la 4.0, kwa hiyo miongozo inayozitaja imepitwa.

Mtumaji awashe uthibitisho wa kuchapisha. Bila huo, "imetumwa" maana yake ni kwamba baiti zimeingia kwenye soketi tu. Pia chapisha kwa `mandatory`, la sivyo ujumbe usio na foleni ya kuupokea unatupwa na bado unathibitishiwa.

Mpokeaji athibitishe kwa mkono BAADA ya muamala wa kanzidata, na `prefetch` (idadi ya jumbe anazopewa kabla ya kuthibitisha) iwe ndogo. Ukiweka 50 na kila malipo yanachukua sekunde 4 kwa mfuatano, wa mwisho anasubiri sekunde 200 mikononi mwa mpokeaji mmoja wakati mwenzake hana kazi. Anza na 5 au 10. Kumbuka broka inafunga chaneli kama ujumbe haujathibitishwa kwa dakika 30.

Kikomo cha diski tupu kwa chaguo-msingi ni MB 50. Hiyo ni ndogo mno, weka GB kadhaa. Kikifikiwa broka inawazuia wachapishaji wote. Hapo ndipo utaona thamani ya kikasha toezi: anayezuiwa ni tarishi tu, karani wa Goziba hajui kitu, mizigo inaendelea kuingia kwenye kanzidata.

Kafka, kwa ufupi: nakala 3, `acks=all`, `min.insync.replicas=2` (ujumbe uthibitishwe ukiwa kwenye nakala angalau 2). Alama ya usomaji ihamishwe baada ya kazi. Na mtego mkubwa: chaguo-msingi mpokeaji anachukua hadi rekodi 500 kwa mkupuo na anapewa dakika 5 kurudi. Sekunde 4 mara 500 ni sekunde 2,000. Anafukuzwa kwenye kundi, patisheni (kipande cha daftari alichokuwa anasoma) anapewa mwingine, naye anaanza zilezile. Mfumo unaonekana una kazi nyingi na foleni haipungui. Shusha `max.poll.records` hadi 20 hivi. Tena ile ahadi ya "mara moja tu" ya Kafka inahusu kusoma na kuandika ndani ya Kafka. Haiendi mpaka kwenye simu ya mvuvi.

---

PasiansiDev — #8

Wabeja sana wakuu. Sasa malipo yenyewe. Kampuni ya simu haina muamala mmoja na kanzidata yangu. Nikiita API yao (mlango wa kupokea maombi ya programu) ikakaa kimya nafanyaje?

---

Binti_Nansio — #9

Hapa ndipo penye mfumo wote, kaka, kwa hiyo niruhusu niende polepole.

Mstari wa malipo una hali hizi: IMEPANGWA, INATUMWA, HAIJULIKANI, IMELIPWA, IMEKATALIWA. Watu wengi wanaweka mbili tu, imelipwa na imeshindwa, halafu wanalazimika kusema uongo ndani ya kanzidata yao wenyewe pale ambapo hawajui. HAIJULIKANI iwe hali kamili yenye safu, kengele na mtu wa kuiangalia.

Ujumbe wa MzigoUmepimwa ukifika, ingiza mstari wenye upekee wa (`mzigo_id`, `aina_ya_malipo`) na rejea ya malipo uliyoitengeneza wewe. Funga muamala. Kisha badilisha hali kuwa INATUMWA, funga muamala TENA, ndipo uite kampuni ya simu. Usiite API ya nje ukiwa ndani ya muamala. Ukishika muunganisho wa kanzidata sekunde 30 ukisubiri mtandao, na una miunganisho 20, malipo 20 yaliyokwama yanasimamisha huduma nzima.

Kwa nini uandike kabla ya kuita? Kwa sababu taarifa ya matokeo wanayokurushia inaweza kufika KABLA ya jibu la ombi lako. Kama mstari haupo, utaikataa taarifa halali. Na kama umezima katikati, ukiwaka unaikuta INATUMWA na unajua kuna jambo la kuuliza.

Jibu likija, soma kwa makini. "Limepokelewa" maana yake liko kwenye foleni yao, halijalipwa. Kosa la wazi kama namba batili au salio halitoshi linakwenda IMEKATALIWA. Muda ukiisha, muunganisho ukikatika, au ukapata 500, 502, 504 (kodi za hitilafu upande wa seva): HAIJULIKANI. Wengi wanakosea kwenye 500 wakidhani seva yao imekataa. Inaweza kuwa imelipa halafu ikashindwa kuandika jibu.

Ukiwa HAIJULIKANI, uliza hali kwa rejea ILEILE: baada ya dakika 1, 5, 15, kisha kila saa. Kamwe usitengeneze rejea mpya mpaka ya zamani ithibitishwe imekataliwa. Na ukiuliza ukaambiwa "haipo" sekunde 20 baada ya kutuma, hilo si thibitisho. Ombi linaweza kuwa bado njiani. Pata kwa maandishi kutoka kwao: rejea inakaa muda gani kabla haijahesabiwa haipo kabisa, na je, ukirudia ombi lenye rejea ileile wanarudisha jibu la kwanza au wanalipa tena? Hayo mawili yawemo kwenye mkataba wa kuunganishwa kabla hujaandika msimbo.

Taarifa wanayokurushia nayo itakuja mara mbili, au itapotea, au itakuja "imelipwa" baada ya wewe kuweka alama tofauti. Hali ibadilike kwa UPDATE yenye sharti:

```
UPDATE malipo SET hali='IMELIPWA', risiti=$2
WHERE rejea=$1 AND hali IN ('INATUMWA','HAIJULIKANI');
```

Mistari sifuri ikibadilika, angalia hali iliyopo. Ikiwa IMELIPWA na risiti ileile, jibu 200 uondoke. Ikiwa IMEKATALIWA, piga kengele, mtu aangalie.

Kila usiku linganisha taarifa ya akaunti kutoka kampuni ya simu na jedwali lako, mstari kwa mstari kwa rejea. Andaa orodha tatu: walizonazo wao wewe huna, ulizonazo wewe wao hawana, na zenye kiasi tofauti. Siku ya hesabu ianze saa 6 usiku wetu, ambayo ni 21:00 UTC ya jana yake. Ukikata kwa usiku wa manane wa UTC, malipo ya saa 3 za mwanzo wa siku yataonekana kama tofauti kila usiku na watu watazoea kupuuza ripoti.

---

FundiFoleni — #10

Dada Binti kamaliza. Niongezee kurudia na kusimama.

Kurudia: ongeza muda kila mara (sekunde 10, dakika 1, dakika 10, saa 1) na utie nasibu, mathalani kati ya nusu na muda kamili. Bila nasibu, mtandao ukirudi kila mpokeaji anarudia sekunde moja na wenzake, mnaiangusha huduma iliyotoka kuamka. Kurudia kuwe kwenye tabaka moja tu. Maktaba ya HTTP ikijaribu mara 3, huduma mara 3, foleni mara 3, ombi moja limekuwa 27.

Kwenye RabbitMQ ucheleweshaji unafanywa kwa foleni ya kusubiria yenye muda wa kuisha, ambayo ujumbe ukiisha muda unarudishwa foleni kuu. Tengeneza foleni MOJA KWA KILA MUDA. Ukichanganya muda tofauti kwenye foleni moja, wa saa 1 akikaa mbele, wa sekunde 10 aliye nyuma yake hatoki hadi wa mbele atoke.

Tofautisha makosa. Ujumbe ambao JSON yake imeharibika hautapona hata ukirudiwa mara mia. Peleka moja kwa moja foleni ya zilizokwama. Kanzidata imezima kwa muda? Rudia. Foleni ya zilizokwama ibebe sababu, huduma, toleo la programu na idadi ya majaribio, na iwe na kitufe cha kurudisha ujumbe mmoja au wote baada ya kurekebisha. Foleni ya zilizokwama isiyo na mwenyewe ni jalala.

Breka (swichi ya kukata maombi kwa huduma inayogoma): kati ya maombi 20 ya mwisho kwa kampuni fulani ya simu, nusu yakigoma, kata kwa sekunde 30, kisha pitisha moja la kujaribu. Breka moja kwa kila kampuni, si moja kwa zote. Breka ikikatika, SIMAMISHA kupokea toka kwenye foleni ya kampuni hiyo. Ukiendelea kupokea na kukataa, majaribio yanaisha ndani ya dakika chache na maelfu ya jumbe nzima zinatupwa kwenye zilizokwama, wakati hazina kosa lolote. Hii inamaanisha kila kampuni ya simu iwe na foleni yake.

---

MsimboKirumba — #11

Mpangilio je? Karani kakosea, kaandika kilo 426 badala ya 42.6, akarekebisha. Simu inatuma vyote mtandao ukirudi. Rekebisho linaweza kumfikia malipo kabla ya kipimo.

---

Nyegezi_Seva — #12

Usitegemee broka pekee ikupangie. Kafka inatunza mpangilio ndani ya patisheni, kwa hiyo ukitumia `mzigo_id` kama ufunguo, jumbe za mzigo mmoja zinafuatana. RabbitMQ yenye wapokeaji wawili haina uhakika huo, na ujumbe uliorudishwa unaweza kupitwa. Hata matarishi wawili wenye SKIP LOCKED wanaweza kupishana.

Weka namba ya toleo ndani ya ujumbe: kipimo ni toleo la 1, rekebisho la 2. Mpokeaji anatunza toleo la mwisho kwa kila mzigo. La 2 likija wakati la 1 halipo, na rekebisho limebeba hali nzima ya mzigo (gramu, bei, kiasi), litumie, kisha la 1 likija lipuuze. Ndiyo maana ni bora rekebisho libebe picha nzima kuliko "punguza gramu 383,400".

Saa ya simu usiitumie kupanga. Ihifadhi kando na wakati wa kupokelewa kwenye seva, zote kwa UTC. Simu iliyozima ikawaka bila mtandao inaweza kuonyesha mwaka mwingine kabisa.

Na kwa mfano huo wa 426, weka kikomo: malipo yanayozidi kiasi fulani kwa mzigo mmoja yasubiri idhini ya mtu. Pesa ikishaingia kwenye simu ya mvuvi hairudi kwa msimbo.

---

PasiansiDev — #13

Hilo linanileta kwenye saga. Boti ikiahirishwa kwa sababu ziwa limechafuka, narudisha hatua zote nyuma?

---

FundiFoleni — #14

Wazo la saga (lipo tangu 1987) ni kwamba kila hatua ina hatua ya kuitengua. Kabla ya kuitumia jiulize kipi hakitenguliki. Kwetu ni malipo. Na tazama biashara yenyewe: samaki akishapimwa ameshanunuliwa, boti ije isije. Kwa hiyo malipo hayamo kwenye saga ya usafirishaji kabisa. Yanasimama peke yake.

Saga inabaki barafu na boti. Boti ikiahirishwa, unaweza kutengua (achia nafasi) au kusonga mbele (tafuta boti nyingine, ongeza muda wa makasha). Kwa samaki mbichi kusonga mbele ndiyo njia, kwa sababu kuachia barafu mzigo ungali mwaloni ni kuuozesha. Mratibu mmoja aandike hatua zote kwenye jedwali lake pamoja na muda wa mwisho wa kila hatua, na kipima muda kisome kutoka kanzidata, si kwenye kumbukumbu ya programu itakayopotea ikiwashwa upya. Hatua za kutengua nazo ziwe salama kurudiwa: "achia nafasi namba X" ni salama, "ongeza nafasi moja" si salama.

---

Nyegezi_Seva — #15

Uangalizi: usiweke kengele kwenye idadi ya jumbe peke yake. Jumbe 5,000 zinazopungua kwa kasi si tatizo. Ujumbe mmoja uliokaa saa 4 ni mvuvi ambaye hajalipwa. Pima UMRI wa ulio mzee zaidi: kwenye kikasha toezi (kengele ikipita dakika 2), kwenye kila foleni, na kwenye hali ya HAIJULIKANI (kengele ikipita dakika 30). Foleni ya zilizokwama ilie kuanzia ujumbe wa kwanza.

Namba ya mzigo iandikwe kwenye kila mstari wa logi, huduma zote. Karani akipiga simu akisoma namba, utafute mara moja tu uone safari nzima.

---

PasiansiDev — #16

La mwisho wakuu. Nitajuaje kama yote haya yanafanya kazi kabla ya msimu?

---

Binti_Nansio — #17

Vunja makusudi. Jenga kampuni ya simu ya bandia yenye tabia hizi: inalipa halafu inakata muunganisho bila kujibu, inajibu 500 baada ya kulipa, inarusha taarifa ya matokeo kabla ya jibu, inairusha mara tatu, inakaa kimya sekunde 90. Pitisha mizigo 1,000 huku `kill -9` ikiua tarishi na huduma ya malipo kila baada ya sekunde chache, kwa wakati wa nasibu. Zima nodi moja ya broka katikati. Mwisho wake linganisha daftari la kampuni ya bandia na jedwali la mizigo: kila mzigo uwe na malipo mamoja, jumla ya shilingi ilingane, na HAIJULIKANI iishie sifuri baada ya kuuliza hali.

Kisha jaribu hili ambalo wengi wanalisahau: rudisha nakala ya akiba ya kanzidata ya malipo ya saa 2 zilizopita huku broka ikiendelea. Jumbe ambazo zilishathibitishwa kwenye foleni hazitarudi, na malipo ya saa hizo mbili hayamo tena kwenye jedwali lako, ingawa pesa imetoka. Kabla ya kuwasha huduma, vuta taarifa ya akaunti ya kampuni ya simu ya muda huo uijaze kwenye jedwali, kisha iombe huduma ya mapokezi itume upya MzigoUmepimwa kwa kipindi hicho. Ndiyo maana rejea ya malipo ni vizuri itokane na namba ya mzigo moja kwa moja badala ya kuwa ya nasibu: hata jedwali likipotea, mzigo uleule utazaa rejea ileile, na ombi la pili litaigonga ya kwanza kwao.

---

PasiansiDev — #18

Nimeelewa dada. Rejea ikitokana na namba ya mzigo, na malipo ya kwanza yamekataliwa kweli (namba ya simu imefungwa), ya pili yatapata rejea gani?

---

Binti_Nansio — #19

Namba ya mzigo + namba ya jaribio: -1, kisha -2. Jaribio linaongezwa pale tu la awali liko IMEKATALIWA kwa uthibitisho wao, na linaongezwa ndani ya muamala uleule unaobadilisha hali. Weka upekee wa (`mzigo_id`, `jaribio`) badala ya ule wa #9, pamoja na faharasa ya sehemu inayoruhusu mstari mmoja tu kwa mzigo wenye hali isiyo IMEKATALIWA. Hapo hata makarani wawili ofisini wakibonyeza "lipa tena" kwa pamoja, kanzidata inamkatalia mmoja.

Na baada ya kurudisha nakala ya akiba usiamini namba ya jaribio iliyomo kwenye jedwali. Iulize kampuni ya simu kuanzia -1 kwenda mbele hadi ufike isiyopo.